Honda CB550 Four: kabureta ziwe za mwisho

Pikipiki ya silinda nne ikianza kumisi, kila mkono unakimbilia kabureta. Si ajabu. Ziko nne, zimejipanga kwa nyuma mahali pa wazi, na mafundi wengi wa Mwanza wamezoea pikipiki ya boda yenye kabureta moja, ambayo ikioshwa tu nusu ya matatizo yanaondoka. Kwenye Honda CB500 Four na ndugu yake CB550 mazoea hayo yanakula siku nzima bure. Kabureta zinashushwa, zinaoshwa, zinarudishwa, na injini inaendelea na ugonjwa wake ule ule, kwa sababu ulikuwa kwenye tapeti, pointi au chaji. Mpangilio unaofaa ni huu: tapeti (nafasi za valvu) kwanza, kisha cheni ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu, halafu pointi, swichi ndogo zinazokata umeme ili cheche itoke, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, na kabureta baada ya hayo yote. Ukigeuza mpangilio huo utakuwa unasawazisha kabureta ili zifiche kosa la valvu.

Kwa asiyeifahamu: Honda ilitoa CB750 mwaka 1969, ikafuatia CB500 Four mwaka 1971, ndogo na nyepesi kuliko kaka yake. Injini yake ni cc 498, kipenyo cha silinda milimita 56 na mwendo wa pistoni milimita 50.6. Mwaka 1974 ikaja CB550, ambapo kipenyo kiliongezwa kuwa 58.5 na mwendo ukaachwa vile vile, ikafika cc 544. Kamshafti ni moja, iko juu, valvu mbili kwa kila silinda, gia tano. Tofauti kubwa na CB750 ni kwamba oili haikai kwenye tenki la pembeni. Inakaa tumboni mwa injini, kama lita 3. Inawaka kwa stata ya umeme au kwa kiki. Hiyo kiki usiidharau, tutairudia tukifika kwenye chaji.

Silinda zinahesabiwa ukiwa umekaa kwenye siti: namba 1 iko kushoto, namba 4 kulia. Zinawaka kwa mfuatano wa 1-2-4-3. Zishike namba hizi, kila kitu kinachofuata kinazitegemea.

Jozi zinasema ukweli

Kuna pointi seti mbili na koili mbili. Seti moja inahudumia silinda 1 na 4, nyingine inahudumia 2 na 3. Kila koili inatoa cheche kwenye plagi zake mbili kwa wakati mmoja, moja ikichoma mafuta na nyingine ikipotelea kwenye moshi. Maana yake kwa fundi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Zikifa 1 na 4 pamoja, au 2 na 3 pamoja, usiguse kabureta hata moja: tatizo ni pointi, kondensa, koili au waya wa jozi hiyo. Uwezekano wa kabureta mbili zisizopakana, ya kwanza na ya nne, kuziba saa ile ile na kuziacha za katikati nzima ni mdogo sana. Ikifa silinda moja peke yake, hapo ndipo washukiwa wanakuwa plagi, kofia ya plagi, valvu, au kweli kabureta.

Namna ya kujua ipi imekufa: washa injini ikiwa baridi, iache ingurume nusu dakika, kisha dondoshea kila bomba la moshi tone la maji karibu na kichwa cha injini. Tone likichemka na kuruka, silinda inafanya kazi. Likitiririka kama liko kwenye sufuria isiyopashwa, umempata mgonjwa. Usitumie kidole.

Tapeti

Nafasi ya valvu ya kuingiza ni milimita 0.05, ya kutoa moshi ni 0.08. Ni ndogo sana, na zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa. Baridi hapa haimaanishi "imezimwa saa moja iliyopita". Pikipiki ilale usiku mzima kivulini, kazi ifanyike asubuhi. Injini hii inapozwa na hewa. Ikianikwa juani saa saba mchana bati lake linapata joto la kutosha kuharibu kipimo cha sehemu tano za mia za milimita, hata kama haijawashwa.

Toa tenki, toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi, fungua vifuniko vinane vya tapeti na kifuniko cha duara upande wa kulia kinachofunika pointi. Injini izungushwe kwa spana kwenye heksagoni kubwa, si kwenye boliti ndogo ya katikati. Ile ndogo inakatika, na ikikatika unaanza kazi nyingine kabisa ya kutoa kipande kilichobaki ndani ya krenki. Zungusha kwa mwelekeo wa mshale wa saa ukiwa umesimama upande wa kulia, na usirudi nyuma kutafuta alama. Ukiipita, zunguka tena raundi nzima.

Leta alama ya T ya 1.4, inayoonyesha pistoni za 1 na 4 ziko juu kabisa, kwenye kijistari chake. Shika roka, mikono inayobonyeza valvu, za silinda namba 1 uzitikise: kama zote mbili zina mchezo kidogo, uko mahali pake. Kama ni zile za namba 4 zenye mchezo, ongeza mzunguko mmoja kamili. Hapo, namba 1 ikiwa juu kwenye kompresheni, unaweka valvu nne: zote mbili za namba 1, ya kutoa moshi ya namba 2, na ya kuingiza ya namba 3. Zungusha raundi moja kamili hadi T ya 1.4 irudi, sasa namba 4 ndiyo iliyo kwenye kompresheni, umalizie: zote mbili za namba 4, ya kuingiza ya namba 2, ya kutoa moshi ya namba 3. Za kuingiza ziko nyuma upande wa kabureta, za moshi ziko mbele.

Kipimo kipite kwa kukwaruza kidogo, kama unachomoa noti iliyobanwa katikati ya kitabu. Ukikaza nati ya kufungia, kipimo kinabadilika, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Kila mara. Hapa ndipo wenye haraka wanapokosea.

Kuna mafundi wanaoseti kwa sikio: wanaondoa mlio wote wa tapeti na kusema imekaa. Injini hii ikiwa haina mlio wowote wa tapeti, ogopa. Valvu iliyobanwa haifungi kikamilifu, moto unapenya pembeni yake, na valvu ya moshi inaungua ukingo. Afadhali kelele kidogo ya 0.10 kuliko ukimya wa sifuri.

Ukiwa bado umefungua, kaza cheni ya kamshafti. Zungusha krenki ipite T ya 1.4 kwa nyuzi 15 hivi, namba 1 ikiwa imetoka kwenye kompresheni, ulegeze nati ya tensha, springi ya ndani isukume yenyewe, kisha ukaze. Usiisukume kwa bisibisi ukidhani unaisaidia. Cheni iliyokazwa kupita kiasi inalia kama filimbi na inakula njia yake ya mpira. Iliyolegea inagonga na inachelewesha valvu, na injini yenye valvu zinazochelewa inafanana kwa kila hali na injini yenye kabureta chafu.

Kompresheni, na kwa nini Mwanza inasoma chini

Kabla ya kwenda mbali, pima kompresheni. Injini ipate joto, plagi zote nje, kabureta zimefunguliwa mwisho kwa kuvuta mafuta kikamilifu, betri iwe na nguvu. Usawa wa bahari injini nzima inatoa takriban psi 170. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapo shinikizo la hewa liko chini kwa karibu asilimia 13. Kwa hiyo Kirumba au Nyegezi, psi 145 hadi 150 ni injini yenye afya. Mtu akisoma namba ya kitabu bila kukumbuka aliko, atafungua injini nzima kubadilisha ringi ambazo hazina kosa. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa psi 20 na zaidi, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu, na mara nyingi ni ile tapeti iliyobanwa.

Pointi

Fundi kijana aliyekulia kwenye pikipiki za Kichina na Kihindi hajawahi kuona pointi, maana zile zina CDI, kiwashio cha elektroniki. Hilo si kosa lake. Mtafute mzee aliyewahi kushika Peugeot 504 au Land Rover ya petroli. Atakaa chini na kuzirekebisha bila kuuliza, kwa sababu ni kitu kile kile mara mbili.

Anza na nafasi. Zungusha injini hadi pointi za seti ya kwanza zifunguke mwisho wake, weka 0.35; kinachokubalika ni kati ya 0.3 na 0.4. Fanya vivyo hivyo kwa seti ya pili. Nyuso zikiwa na vishimo, zipigwe tupa nyembamba ya pointi, si msasa. Chembe za msasa zinabaki zimejikita kwenye chuma, nazo hazipitishi umeme. Ukimaliza pitisha kipande cha karatasi safi katikati mpaka kitoke bila weusi. Pointi zikiungua haraka na kutoa cheche kubwa za buluu zenyewe kwa zenyewe, kondensa imekufa. Inayotakiwa iko kati ya mikrofaradi 0.2 na 0.25, na kondensa ya gari dogo inafanya kazi ile ile ukiipatia mahali pa kuifunga kwa ethi nzuri.

Nafasi ndiyo inayotangulia taimingi kwa sababu ukiibadilisha, taimingi inahama: ukiongeza nafasi, cheche inawahi. Anayeseti taimingi kisha akarudi kwenye nafasi amefuta kazi yake mwenyewe.

Taimingi haihitaji mashine. Chukua balbu ya volti 12, ile ndogo ya dashibodi ya wati 3, waya mmoja uende kwenye mguu wa waya wa buluu, ndiyo pointi za 1 na 4, mwingine kwenye ethi. Washa swichi. Zungusha injini taratibu: balbu inatakiwa kuwaka pale pale alama ya F ya 1.4, alama ya cheche, inapofika kwenye kijistari. Ikiwahi au kuchelewa, legeza skurubu za sahani kubwa, uizungushe nywele moja, urudie. Kisha hamia waya wa njano, wa 2 na 3, na alama yake ya F. Huku usiguse sahani kubwa tena. Sogeza ile ndogo iliyobeba pointi za kulia peke yake. Zima swichi kila unapopumzika, maana pointi zikiwa zimefunga na swichi imewashwa, koili inachemka.

Mwenye taa ya strobu, inayomulika kila cheche inapotoka, aangalie pia kwenye mizunguko 2,500 hivi: alama mbili zilizo sambamba zinatakiwa zifike kwenye kijistari. Zisipofika, au injini ikipigwa resi ikakataa kushuka hadi baada ya sekunde kadhaa, springi ndogo za advansi, kifaa kinachowahisha cheche mizunguko ikipanda, nyuma ya sahani ya pointi zimechoka au mhimili wake umekauka grisi. Ugonjwa huu wa resi kuning'inia juu ndio unaosingiziwa kabureta kuliko magonjwa yote.

Sasa kabureta

Zinatoka nyuma zote nne kwa pamoja, Keihin za milimita 22, na zibaki zimeshikana kwenye bati lao. Usizitenganishe bila sababu. Mihimili na vipira vya petroli katikati yake vinataka uvumilivu kurudi. Legeza klipu za mipira ya mbele na ya nyuma, vuta nje ukizielekeza upande mmoja. Mipira ikiwa migumu kama kwato, ipashe kwa maji ya moto kabla ya kurudisha. Ikiwa na nyufa, ibadilishe, maana ufa mmoja unaingiza hewa isiyopimwa na silinda hiyo itapiga mabomu kila ukiachia mafuta. Kuutafuta ufa injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo kuzunguka mpira. Mngurumo ukibadilika, umeupata. Wengine wananyunyiza petroli juu ya mabomba ya moto, hao tuwaache.

Skurubu za Kijapani zina msalaba wa kipimo cha JIS. Bisibisi ya kawaida ya nyota inaonekana kuingia, kisha inaruka na kukata kichwa. Mafundi wa injini za boti pale Mwaloni wanalifahamu hili siku nyingi, kwa sababu injini za boti za Kijapani zina skurubu hizo hizo, na huko utapata bisibisi ya kugonga kwa nyundo ambayo fundi wa boda hana. Nenda nayo, ni safari yenye faida.

Ndani, kinachoziba ni jeti ndogo ya mwendo wa chini. Tundu lake ni dogo kuliko unavyodhani, na petroli iliyokaa miezi mitatu inaacha utomvu wa kutosha kulifunga. Lizibue kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, kisha upepo wa kompresa. Waya wa chuma au sindano ya kushonea inapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa haina tiba ila kununua nyingine. Kwenye kabureta za mwanzo jeti hii inafunguka kwa bisibisi. Kwenye matoleo ya mwisho, kuelekea 1978, imegongelewa mahali pake, kwa hiyo safisha kwa kupuliza na dawa ya kabureta bila kuing'oa.

Kimo cha floti kwenye kabureta za mwanzo ni milimita 22, ukipima kutoka kwenye uso unaokaa gasketi ya bakuli hadi ukingo wa mbali wa floti. Ulaze mwili wa kabureta kwa pembe ili kidole cha floti kiguse tu pini ndogo yenye springi bila kuibonyeza. Wengi wanapima kabureta ikiwa imepinduliwa kabisa. Uzito wa floti unabonyeza springi na kipimo kinadanganya. Petroli ikimwagika kwenye bomba la kumwagia, sababu ni floti iliyotoboka au valvu yake iliyokula. Itikise floti sikioni: ukisikia petroli ikicheza ndani, imetoboka.

Skurubu ya pembeni ni ya hewa, si ya mafuta. Ukiikaza unaongeza utajiri wa mafuta. Ukiilegeza unaongeza hewa. Anza na mzunguko mmoja kutoka mwisho kwa CB500, mmoja na nusu kwa CB550. Kwa kimo cha Mwanza legeza robo nyingine, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi na jeti zilipangwa kwa usawa wa bahari. Je, jeti kubwa zibadilishwe? Binafsi sioni haja. Mchanganyiko unazidi kwa asilimia chache tu, injini inalivumilia hilo, na ukipata siku ya kuishusha pwani hutalazimika kurudisha chochote. Plagi zikiwa na masizi makavu meusi baada ya kupanda Capri Point mara kadhaa, pandisha klipu ya sindano ngazi moja, yaani sindano ishuke, na uishie hapo.

Kusawazisha kunahitaji injini iwake bila tenki. Chupa ya dripu iliyooshwa na kukauka, ikining'inizwa juu ya kabureta na mpira wenye koki, inatosha kwa dakika kumi. Weka feni ya nyumbani mbele ya injini, kwani pikipiki iliyosimama haipati upepo na vichwa vya katikati vinachemka kwanza. Fungua skurubu ndogo za mvuto upande wa kuingizia mafuta, ufunge vipimo. Tofauti kati ya silinda isizidi sentimita 3 za zebaki, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 hivi.

Asiye na geji anaweza kutumia mpira mwembamba unaoonekana ndani, mita tano, uliokunjwa kama herufi U ubaoni na kutiwa oili ya two-stroke sehemu ya chini. Unalinganisha silinda mbili kwa wakati mmoja. Oili ni nyepesi kuliko zebaki karibu mara 15, hivyo sentimita moja ya zebaki inaonekana kama sentimita 15 za oili. Ni kipimo kikali kuliko geji za dukani. Ila kila ncha ya mpira izibwe kwa jeti kuukuu yenye tundu dogo, la sivyo tofauti ikiwa kubwa oili yote itavutwa ndani ya injini, na jirani watadhani umechoma takataka.

Kuna kelele ya kukereketa chini ya injini ikiwa inanguruma taratibu, ambayo inapungua ukibana klachi. Inatoka kwenye cheni pana inayopeleka nguvu kutoka krenki kwenda klachi. Kabureta zikishakuwa sawa, kelele nyingi inapotea, kwa sababu silinda zinavuta kwa nguvu moja na cheni haitikiswi. Usifungue injini kwa ajili yake kabla ya kusawazisha.

Chaji

Alteneta ya pikipiki hii haina sumaku ya kudumu kama ya boda. Ina koili inayopewa umeme na betri ili izalishe sumaku. Mambo mawili yanatokana na hapo. Kwanza, betri iliyokufa kabisa haiwezi kuanzisha chaji wala kutoa cheche, hata ukipiga kiki au kusukuma; kiki inaokoa betri iliyo dhaifu tu, isiyoweza kuzungusha stata. Pili, regyuleta (kidhibiti cha chaji) ya boda haifai, hata kama rangi za waya zinafanana. Ile imeundwa kwa sumaku ya kudumu. Ukiifunga hapa, ama haichaji, ama inaichemsha betri.

Ikiwa inanguruma pale pale, chaji ni ndogo mno, betri inaliwa. Foleni za Buzuruga jioni, taa imewashwa, breki imekanyagwa, ndizo zinazoimaliza. Pima betri ikiwa imepumzika: volti 12.6. Pandisha mizunguko hadi 3,000: ifike 14 hadi 14.5. Isipopanda, chomoa plagi ya regyuleta na uunganishe waya mweusi na mweupe kwa sekunde chache. Volti zikipanda, regyuleta ndiyo mbovu. Zisipopanda, pima kati ya mweupe na kijani cha alteneta. Koili nzima inasoma takriban ohm 5. Waya tatu za njano zipimwe kila moja na mwenzake, zilingane, na isiwepo hata moja inayogusa ethi.

Rektifaya ya zamani, inayogeuza umeme wa alteneta uwe wa kuchaji betri, ikifa, bridge ya diode sita ya awamu tatu, ampea 35, inayopatikana kwa wauza spea za elektroniki, inafanya kazi yake. Ifunge kwenye bati ili joto litoke. Kishikio cha fyuzi ya kioo ya ampea 15 kikikutwa kimebadilika rangi, kitupe uweke cha fyuzi bapa. Chaji dhaifu nyingi ni kutu tu kwenye kishikio hicho na kwenye plagi za waya, na umeme dhaifu unatoa cheche dhaifu, halafu kabureta zinalaumiwa tena.

Kinachopatikana mjini na kisichopatikana

Plagi ni habari njema. Inatumia D7EA au D7ES, familia moja na D8EA ya pikipiki za 125 za Kichina zilizoigwa kutoka Honda CG, ambayo ni baridi zaidi ngazi moja lakini inaingia tundu lile lile, na duka lolote la spea lina nne. Nafasi ya plagi 0.6 hadi 0.7. Kofia za plagi pia zinapatikana. Kabla ya kufunga kata milimita tano za waya upate shaba mpya. Waya wa klachi na wa mafuta unatengenezwa kwa nyuzi za boda na vichwa vya kuchomelea.

Cheni haipatikani kirahisi: boda inatumia 428, hii inataka 530, pana na nene zaidi. Mlegeo uwe milimita 20 na cheni ioshwe mara kwa mara kama unapita njia za mchanga. Filta ya oili, agiza, HF401 inaingia. Unapoirudisha, springi na wosha yake viwe mahali pake kati ya kifuniko na filta, maana vikikosekana oili inapita pembeni bila kuchujwa. Boliti ya filta ina kichwa cha milimita 12 na ni laini, usiikaze kwa hasira. Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, 10W-40 au 20W-50. Oili ya gari yenye viongeza vya kupunguza msuguano inaifanya klachi iteleze, kwani klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Kijiti cha kupimia kisifungwe kwa nyuzi unapopima. Kiweke tu kikae.

Breki ya mbele ina diski moja, na kaliper iko kwenye mkono unaotakiwa kucheza huku na huko. Mhimili wake ukikauka, padi moja inaliwa na nyingine inabaki mpya. Grisi, basi.

Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo kutu ya mabomba ya moshi haitoki upepo wa ziwani kama ya Tanga. Inatoka ndani. Safari fupi za kilomita mbili, Kirumba hadi sokoni na kurudi, zinaacha maji yaliyotokana na moshi wenyewe yakae kwenye mwisho wa bomba. Kila wiki ipeleke hadi Usagara na kurudi ipate joto la kweli, na vile vitundu vidogo chini ya mabomba usivizibe, ndivyo vinavyotoa maji hayo.

Ikikaa zaidi ya wiki tatu wakati wa masika, funga koki, iache iwake hadi petroli iishe kwenye mabakuli, kisha fungua kila bakuli limwagike kilichobaki. Pale chini huwa kuna tone la maji. Kwenye chombo cha kioo utaliona limekaa peke yake chini ya petroli.